Bastola ya Mtu Aliyelala Chini ya Ngano

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Sebastiani, kaa kwenye kiti cha baba yako, usisimame kama mtu anayesubiri gari. Perpetua, niinue mgongo kidogo, sukuma lile blanketi nyuma yangu, hivyohivyo, inatosha. Tluway, wewe mwanangu wa mwisho, kaa hapo miguuni nikuone uso. Shikamoo zenu nimezipokea. Leo msiniambie nitapona, wala msinikatishe mpaka nimalize, kwa sababu nikikatishwa huenda nisipate tena pumzi ya kuanza upya.

Mimi Efrazia, binti Sulle wa Tumati, mke wa Bura aliyekuwa dereva wa trekta, nasema haya nikiwa na akili zangu zote. Vitu vyangu ni vichache. Nyumba hii na shamba la mahindi linaloshuka mpaka korongoni ni vya Tluway, kama ilivyo kwetu kwamba mtoto wa mwisho ndiye anayefunga mlango wa wazazi. Ng'ombe mwekundu aliyeko Gitting kwa dada yangu Tekla, pamoja na ndama wake wote, ni wa Perpetua, na asije mtu wa ukoo akasema mtoto wa kike hapewi ng'ombe, kwa sababu huyo ng'ombe sikupewa na ukoo, nilimpata kwa kupalilia mashamba ya watu. Sebastiani, jembe la kukokotwa na maksai ni lako, na kile kipande cha ardhi karibu na barabara ulichokuwa unakitamani tangu ujana, jenga. Koti la baba yako chukua pia, ingawa najua hutalivaa.

Hayo yamekwisha. Sasa Perpetua, panda darini, nyuma ya gunia la mbegu, unishushie lile kopo la samli. Hilo. Fungua, usiogope, hiyo bastola haina risasi ndani. Iweke hapa mapajani mwangu. Bado ni nzito, au ni mimi niliyepungua.

Itazameni vizuri, kwa sababu mlipokuwa wadogo baba yenu hakutaka mwishike. Ni bastola, lakini si ya ukoo wa hizi za polisi. Hii inashindiliwa kama gobori, baruti kwanza na goroli ya risasi juu yake, tundu moja moja kwenye hili pipa dogo linalozunguka, halafu nyuma ya kila tundu inavalishwa fataki, na nyundo ikigonga fataki ndipo moto unaingia. Baba yenu alinieleza hivyo, naye alielezwa na mzungu. Chuma chote kina nakshi, majani yanayojisokota, maua, na hapa ubavuni mbwa anamkimbiza swala na mpaka leo hajamfikia. Chini ya nyundo kuna herufi mbili, moja ni K, nyingine imelika. Na hapa kwenye kipini cha pembe ya ndovu kuna alama nyingine, duara lenye mikia miwili, na hii haikuchorwa na fundi, imekwaruzwa kwa ncha ya kisu. Hiyo ni chapa ya ng'ombe.

Sebastiani, najua yule bwana wa duka la vitu vya kale kule Arusha amekuja kukuona, na najua anachotaka. Anataka niseme mbele ya shahidi kwamba bastola hii ilikuwa ya msafiri wa kizungu, nimtaje kwa jina, ili aiweke kwenye kabati la kioo na jina hilo chini yake. Sikukasirikii. Una watoto, na paa lako linavuja. Ila kabla sijakupa jibu lazima mjue kilichompata baba yenu, kwa sababu mlijua alikufa, hamkujua alivyokufa.

Baba yenu alishuka kutoka Mbulu wakati mashamba makubwa ya ngano yanafunguliwa huku tambarare za Hanang. Alikuwa kijana mwenye nguvu na alipenda mashine kuliko chakula. Alipopewa trekta lake la kwanza, kubwa, lenye magurudumu yanayompita mtu kimo, alinileta nilitazame kama vile mwanamume anavyomleta mkewe kuonyeshwa ng'ombe. Tulipata nyumba, halafu tukapata hii ya hapa Nangwa. Nyinyi mlikula mkate wa ngano ile, sikatai. Ila ardhi ile haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakichunga humo tangu babu zao, walikuwa na visima humo, na walikuwa na makaburi humo. Mzee wao wa heshima akifa hawamfukii tu wakaondoka kama sisi. Wanamjengea kilima cha udongo na miti, wanakiinua miezi na miezi, ukoo mzima unakusanyika, na kikishakamilika hakiguswi tena. Ukipita wakati wa masika unaona kilima kijani, na ng'ombe wanakizunguka bila kukikanyaga.

Kimoja cha vilima hivyo kilikuwa katikati ya kipande alichopewa baba yenu kulima. Aliyekuwa akikitunza ni mzee mmoja, Gidabuyoka, mtu mrefu, mwembamba, mwenye shuka jeusi na fimbo ndefu. Siku ya kwanza alikuja akasimama mbele ya trekta. Hakupiga kelele. Baba yenu akazima injini, akashuka, akasema, "Shikamoo, mzee." Gidabuyoka akaitikia, akanyoosha fimbo kuelekea kilimani, akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Hapa mtu amelala. Wewe pita pembeni." Baba yenu akasema atapita pembeni. Na kweli alipita. Ngano ikaota kote, na katikati yake kikabaki kisiwa cha majani chenye kilima na mti wa mgunga, na kila alipokuwa akilima kule, Gidabuyoka alikuwa akileta maziwa kwenye kibuyu na kuyaacha chini ya ule mgunga. Baba yenu alikuwa akinywa na kuning'iniza kibuyu kitupu kwenye tawi. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Walikuwa watu wawili waliokubaliana jambo.

Halafu akaja mkubwa mpya shambani. Alisema visiwa vinapoteza dizeli, kwamba kombaini la kuvunia haliwezi kuzungukazunguka kama mlevi, na kwamba anataka shamba lote liwe kitu kimoja. Baba yenu alienda ofisini kwake akiwa ameshika kofia mkononi, akamweleza kuhusu kaburi. Akaambiwa amesikiwa. Siku chache baadaye akatumwa Arusha kufuata vipuri. Alirudi akakuta dereva mwingine amepewa kipande chake. Kilima hakipo. Mgunga umeng'olewa na kukokotwa pembeni, na udongo wote ni mwekundu, mpya, umelala sawasawa kama ugali uliopigwa mwiko.

Alitembea kwa miguu kwenye ile mifuo ya jembe la trekta. Sijui alikuwa anatafuta nini, na yeye mwenyewe hakujua. Akaona kitu kama ngozi imetokeza kwenye udongo, ngozi ya ng'ombe iliyopakwa mafuta ikakunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ngumu kama ubao. Alipoikunjua akakuta hii. Mifupa alisema aliiona, michache, imevunjikavunjika, akachimba kwa mikono akaifukia palepale. Bastola hakuifukia, kwa sababu trekta lingerudi na haro, lile la meno la kuvunja mabonge, na chochote kilichofukiwa kina cha mkono kingetoka tena. Akaiweka kifuani, ndani ya shati, akachukua baiskeli, akaenda moja kwa moja kwa Gidabuyoka kumrudishia.

Alikuta boma halipo. Miiba ya zizi imechomwa, nyumba zimeangushwa, mtungi mmoja umepasuka mlangoni. Watu waliokuwa wakikata kuni jirani walimwambia familia zile zimeambiwa ziondoke eneo la shamba, zimeondoka na ng'ombe, hawajui zimeelekea wapi. Baba yenu alirudi nyumbani na bastola kifuani akakaa hapohapo ulipokaa, Sebastiani, mpaka chakula kikapoa.

Mtaona kwamba mpaka hapo hakuwa ameiba kitu. Alikuwa amebeba mali ya mtu akimtafuta mwenyewe. Alikwenda minadani Katesh akiuliza kila Mbarabaig. Mmoja anasema wamehamia Basotu, mwingine anasema wamevuka mpaka Singida, wengine hawamjibu kabisa kwa sababu wanamjua ni mtu wa trekta. Walikuwa na haki ya kutomjibu.

Wakati huo ndipo akamwonyesha mzungu mmoja, mtaalamu wa udongo, mtu wa taratibu aliyekuwa akipenda vitu vya zamani. Huyo aliisafisha kwa mafuta na brashi ndogo, na zile nakshi zikatokea. Alifurahi kama mtoto. Alisema bastola za namna hii zilitengenezwa ng'ambo kabla Wajerumani hawajafika kutawala nchi hii, na nakshi kama hizi mtu aliagiza kwa fundi, hazikuwa za kila mtu. Halafu akasema kuna msafiri mmoja aliyeitwa Kestner, aliyepita na msafara wa wapagazi, akapotea katikati ya ziwa la chumvi na mlima Hanang, hakuonekana tena. Akagusa ile K. Akasema, "Huenda ni yake."

Baba yenu akamwuliza, "Huenda maana yake ndiyo, au hapana?"

Mzungu akacheka, akasema, "Huenda maana yake huenda."

Aliomba aichukue kwao iangaliwe na wajuzi. Baba yenu akakataa kwa heshima, akasema mwenyewe bado anatafutwa. Yule mtu hakumlazimisha. Aliondoka muda wake ulipokwisha, lakini jina la Kestner alituachia, na ndilo hilo limetembea mdomo kwa mdomo mpaka Arusha.

Nipe maji, Perpetua. Kidogo tu. Hapana, si ya moto.

Gidabuyoka alikuja mwenyewe. Alisikia mnadani kwamba kuna dereva anamtafuta, akatembea kutoka huko alikokuwa, akatokea mlangoni hapa asubuhi moja, mavumbi mpaka magotini, amekonda. Nilimpa kigoda, nikampa uji. Baba yenu akatoa bastola akamwekea mbele kwa mikono miwili. Mzee yule aliitazama muda mrefu bila kuigusa. Kisha akatuambia, na mimi nilikuwa nimekaa hapo nikimnyonyesha Tluway, nilisikia kila neno.

Alisema aliyekuwa amelala kwenye kilima kile ni babu yake mzaa mama, na mtu yule hakuzaliwa Mbarabaig. Wazee walimkuta kando ya ziwa la chumvi, anatetemeka kwa homa, ameachwa na msafara. Alikuwa mpagazi, mtu wa Unyanyembe, mbali kule magharibi, mabega yake yana sugu za mizigo. Bastola alikuwa ameilalia kifuani. Alipopona alisema bwana wake alikufa njiani, akamzika mwenyewe, na kabla ya kufa bwana alimpa bastola imsaidie kufika kwao. Wazee walipokuwa wakinong'ona labda ameiba, labda amemuua, yeye alikuwa anarudia maneno yaleyale, hakuongeza hakupunguza. Hakufika kwao. Alikaa, akachunga, akapewa mke, akazaa. Walipovamiwa na watu wa kuchukua ng'ombe aliipiga bastola hewani, mlio haukuwa umewahi kusikika kule, wavamizi wakageuka wakakimbia, ng'ombe wote wakabaki. Baruti ilikuwa hiyohiyo, haikupatikana nyingine. Baada ya hapo alikwaruza chapa ya ng'ombe wa ukoo kwenye kipini, na alipokufa uzeeni wakamjengea kilima, mgeni yule, kama mzee wao mwenyewe. Jina walilompa mgeni yule, Gidabuyoka hakulitaja. Kwao jina la marehemu halitupwi ovyo mbele ya watu.

Baba yenu akamweleza habari ya Kestner. Gidabuyoka akasema, "Huyo mzungu anatafuta mwenyewe wa kwanza. Sawa, atafute. Mimi najua mwenyewe wa mwisho."

"Basi ichukue, mzee," baba yenu akasema.

Mzee akatikisa kichwa. "Kitu kimetoka kaburini. Nikipeleka nyumbani, naweka wapi? Nyumba yenyewe sina. Wewe unaniletea kitu. Niletee mahali pake."

Wanangu, baba yenu akasimama, akaiokota bastola. Akasema, twende tukairudishe. Tukaenda, wao wawili na mimi nyuma na mtoto mgongoni, nimebeba kibuyu cha maziwa kwa sababu Gidabuyoka aliomba maziwa ya kumwagia. Ngano ilikuwa imefika kiunoni, imeanza kugeuka rangi. Tuliingia. Baba yenu alikuwa amelima kipande kile miaka, alijua kila bonde la kule kama kiganja chake, na hakujua tulipo. Alikuwa akienda, anasimama, anautazama mlima, anasogea kushoto. Gidabuyoka alikuwa akienda peke yake upande mwingine, anainama, anashika udongo, ananusa. Mgunga haupo. Kilima hakipo. Pande zote ni ngano, inainama na upepo, inainuka. Nilimwona mzee amesimama na mikono imelegea, akageuka taratibu mzunguko mzima, na nikaelewa kwamba amepotea mahali alipozaliwa. Hakulia. Alisema neno moja kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, akaliita, akasubiri, kama mtu anayeita ng'ombe. Nadhani lilikuwa ni lile jina.

Ndipo akatokea Nicodemo.

Mnamjua baba yenu mdogo, kwa hiyo sitamwelezea sana. Wakati huo alikuwa mlinzi wa shamba, amepewa kofia na kirungu, na kirungu kilikuwa kimempanda kichwani. Alikuja anapiga filimbi. Alipotutambua hakuona aibu, alipandisha sauti zaidi ili wenzake wasikie. "Kaka, unakanyaga ngano ya serikali! Tena na huyu?" Baba yenu alimwambia taratibu, tumekuja kumzika mtu. Nicodemo akaona bastola mkononi mwake. Akarudi nyuma hatua, akasema, "Na silaha mnayo." Gidabuyoka alinichukulia kibuyu mkononi, akamwaga maziwa pale alipokuwa amesimama, popote tu, kwenye mizizi ya ngano, akatoka shambani bila kugeuka. Baba yenu hakumwona tena.

Kesho yake polisi walikuja. Nicodemo alikuwa amesema kaka yake ana bastola na anazunguka shambani na Mbarabaig. Walimchukua baba yenu hapo uani akiwa anachonga mpini wa jembe. Bastola hawakuiona, nilikuwa nimeiweka kwenye kopo hili la samli bila kujua wangekuja, ni mazoea tu ya kuweka vitu mbali na watoto. Walisema wataulizana naye. Mimi sijui aliulizwa nini kule ndani. Nilikuwa nikienda na chakula, wanakipokea, naondoka. Nilienda kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema hilo ni la polisi. Nikaenda ofisini shambani, wakasema huyo tumeshamwachisha kazi. Nikaenda kwa paroko, akaandamana nami mpaka kituoni, wakamsalimia vizuri, wakamwambia, "Baba paroko, upelelezi unaendelea." Kila mlango niliogonga ulifunguliwa, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mwisho nikaona labda wakiiona wenyewe itawasaidia kuamini. Nikaifunga kwenye kanga, nikaibeba, nikaiweka kaunta mbele ya askari mkubwa wa pale. Aliitazama, akaigeuza, akavuta nyundo ikakwama, akachungulia matundu yake. Halafu akacheka. Akawaita wengine waje waone. Akasema, "Mama, hii si silaha. Hiki ni chuma chakavu. Kapigilie misumari." Akanisukumia nyuma juu ya kaunta. Jioni hiyohiyo wakamtoa mume wangu.

Nilimpokea mlangoni mwa kituo. Hakuweza kunyoosha mgongo. Alikuwa akikohoa kikohozi ambacho hakuingia nacho. Njiani kurudi hakuniuliza kuhusu kazi wala kuhusu Nicodemo, aliniuliza kama iko salama. Nikamwambia wameirudisha, wamesema ni chuma chakavu. Akasimama barabarani, na mimi niliogopa uso wake. Akasema, "Kwa hiyo walikuwa wananiuliza kuhusu chuma chakavu."

Aliishi mpaka ngano ilipovunwa mara nyingine, anakaa juani, anasikia matrekta. Tulimpeleka hospitali, tukarudi na dawa, zikaisha, tukaenda tena. Nyinyi mliambiwa ni kifua. Ni kifua, sikuwadanganya. Siku zake za mwisho alikuwa ananiomba jambo moja tu, kwamba kitu hiki kisiuzwe na kisipewe jina lisilo lake, na mimi nilikubali kwa sababu nilikuwa sina kingine cha kumpa.

Gidabuyoka alikuja baada ya msiba. Alikaa hapo nje, hakuingia, alisema amesikia. Nikamletea bastola tena. Akasema bado hajapata mahali. Walikuwa wamehamishwa tena kutoka huko walikohamia. Akasema, "Mama, wewe iweke. Nikipata mahali nitakuja, au atakuja wa kwetu." Hajaja. Watu walioenda mnadani waliniambia alifariki akiwa safarini na mifugo, na sijui kama alijengewa kilima, wala kama kuna ardhi ya kukijenga.

Sasa sikilizeni, ndiyo ninayotaka.

Sebastiani, yule bwana wa Arusha mwambie mama yangu hakusema. Huenda Kestner aliishika, huenda alimpa mpagazi wake kwa moyo safi, huenda yote siyo. Mimi sikuwepo, wewe hukuwepo, na yeye mwenye duka hakuwepo. Mkimpa jina la Kestner, yule mpagazi aliyelala chini ya ngano atakuwa amefukuliwa mara ya pili, na safari hii mtakuwa mmefukua nyinyi. Msiiuze. Msinizike nayo kama alivyoshauri shangazi yenu, mimi si mwenyewe. Perpetua, itakaa kwako, siyo yako, inakaa tu. Ipake samli wakati wa kiangazi. Akija mtu wa ukoo wa Gidabuyoka, akakuchorea hii chapa chini kwa fimbo bila kuonyeshwa, mpe kwa mikono miwili. Asipokuja, wafundishe wanao wamngojee. Najua ni mzigo. Nimefikiri miaka yote hii nikitafuta njia nyingine ya kuwatua, na sikuipata, mnisamehe kwa hilo.

Kuhusu Nicodemo. Mkutano wa ukoo ulitupatanisha, kondoo alichinjwa, tulikula wote, na mimi nyama ile haikupita kooni. Nimejaribu. Nimemwombea kanisani huku meno yamebanana. Nyinyi mpokeeni akija kunizika, mpeni kiti, mpeni chakula. Mnachoweza nyinyi huenda ni zaidi ya nilichoweza mimi.

Na mimi... subiri, Tluway, usilie, nipumue.

Ningependa kulala Tumati, juu kule kwenye mteremko wa mawe nyuma ya nyumba ya baba yangu, mahali hata jembe la mkono linapogonga mwamba. Lakini naisikia hii mvua. Barabara ya kupanda imekatika, Marko wa lori aliniambia, hata jirani yetu Benedikta alipofariki walishindwa kumpandisha. Basi nizikeni hapa. Msihangaike na msalaba wa saruji. Mmoja wenu tu asihame. Watu wa kupima watakuja siku moja na kamba zao na vigingi vyao, wanakuja kila mahali, na pawe na mtu wa kutoka nje akawaambia, mama yangu yuko hapa. Kama watamsikiliza... sijui. Hata hivyo aseme.

Mkono wangu hauinuki. Perpetua, ushike, uweke juu ya vichwa vyao. Wa Sebastiani kwanza. Mungu wa baba zetu awanyeshee mvua ya taratibu, isiyokokota udongo. Ng'ombe wenu wazae majike. Mkilala, mlale bila kusikiliza mlango. Mkigombana... mgombane mkiwa mmekaa. Mpate wa kuwaita kwa majina yenu mpaka...

Nilazeni. Kichwa upande wa ukuta.

Macho yameingia giza. Huu mkono ulioshika mguu wangu ni wa nani? Hapana... msiniambie. Uacheni hapohapo.